SURUA NA ASKARI WALIO NDANI YA DAMU



Somo la safari hii tunalianza na mtoto mmoja ambaye hatutamtaja jina. Alikuwa wa mwaka mmoja na miezi kidogo alipougua surua, au ukambi kama wengine wenu mnavyouita. Tulimtembelea nyumbani kwao mara tatu. Upele ulitoka, homa ikashuka, ngozi ikaanza kubambuka, na mara ya tatu tulimkuta amekaa mlangoni akidai uji. Tulifurahi. Tukapiga mstari katika daftari letu na kuandika: amepona. Wiki sita baadaye tukaletewa habari kwamba amezikwa. Alishikwa na kichomi usiku, nyumbani wakangoja kupambazuke, halafu wakangoja siku ya soko ndipo wapate gari. Tulipokwenda kutoa pole, mama yake alituambia bila hasira yoyote, "Lakini si nyinyi mlisema ameshapona?"

Neno hilo lilitukaa rohoni. Pale matangani wako waliosema mtoto amerogwa. Wako waliolaumu sindano. Sisi tulinyamaza, kwa maana hatukuwa na jibu. Katika masomo yetu ya ustawi wa jamii tulifundishwa kuhesabu watoto walio na chanjo na wasio nayo, lakini hakuna aliyetueleza ni kitu gani hasa kinachopigana na surua ndani ya mwili, wala kwa nini mtoto aliyeshinda vita hivyo aanguke wiki chache baadaye kwa ugonjwa mwingine kabisa. Ikabidi tuulize wenye ujuzi na kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata. Msiogope maneno mapya, ni machache tu.

MWIZI ALIYEJIFUNGIA CHUMBANI

Surua huletwa na virusi. Virusi ni kitu kidogo mno ambacho hakiwezi kuzaa chenyewe. Ni lazima kiingie ndani ya seli, yaani moja ya zile chembe ndogo hai zinazojenga mwili wetu, na kuilazimisha seli hiyo itengeneze virusi vingine. Virusi vya surua husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa chumbani na kuondoka, vinaweza kubaki hewani humo kwa muda wa saa mbili, na mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ndiyo sababu surua ikiingia darasani haina simile.

Sasa, mwili una ulinzi wa namna nyingi. Wengi wetu tumesikia juu ya kingamwili. Hizi ni silaha zinazoelea katika damu, nazo hushika virusi vilivyo nje ya seli. Mtoto mchanga hupewa za mama yake akiwa bado tumboni, na hizo humlinda miezi ya kwanza. (Baadaye huisha. Umri wa miezi 9 ambao tumeuzoea kwa chanjo ya surua ulitokana kwa sehemu kubwa na utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 1977, kuangalia kinga ya mama inaisha lini. Wengi hawajui kwamba watoto wa Kenya walisaidia dunia nzima kwa jambo hilo.)

Lakini kingamwili ni kama mbwa wa uani. Mwizi akiwa bado uani, mbwa atamrarua. Akishaingia chumbani na kujifungia mlango, mbwa abweke mpaka achoke. Virusi vikiwa ndani ya seli, anatakiwa askari wa aina nyingine, anayeweza kujua kwamba katika nyumba ile, ijapokuwa kwa nje inaonekana nyumba ya jirani yetu wa siku zote, kuna mwizi. Askari huyo ndiye anayeitwa seli T.

SHULE ILIYO NYUMA YA MFUPA WA KIFUA

Seli T ni aina ya chembe nyeupe za damu. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha huenda shuleni. Shule yenyewe ni tezi iitwayo thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo, na herufi T imetoka katika jina la tezi hiyo. Kwa miaka mingi wataalamu waliiona kama kitu kisicho na kazi. Mwaka 1961 daktari Jacques Miller, akifanya kazi London, alionyesha kwamba panya waliotolewa tezi hiyo mara tu baada ya kuzaliwa hushindwa kujikinga na magonjwa.

Mtihani wa shule hii ni mkali kuliko wowote tunaoujua. Mwanafunzi lazima aweze kusoma kitambulisho cha seli za mwili wake, na pia lazima asiwe na tabia ya kuwashambulia watu wa nyumbani. Anayeshindwa lolote kati ya hayo mawili hafukuzwi, hufa. Wanaohitimu ni wachache sana.

Habari ya kitambulisho iligunduliwa Canberra, Australia, katika miaka ya 1973 na 1974, na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1996 kwa kazi hiyo. Waliona kwamba seli T haitazami virusi peke yake. Karibu kila seli ya mwili hutoa nje vipande vidogo vya kile kinachotengenezwa ndani yake, imevishika katika kishikizo ambacho ni alama ya mwili huo. Seli T hupita ikikagua kishikizo na kipande kwa pamoja, kama vile askari kwenye kizuizi cha barabarani anavyotazama kitambulisho na pia uso wa mwenye nacho. Kishikizo kikiwa cha nyumbani na kipande kikiwa cha kigeni, basi seli ile imeingiliwa.

Tezi hii ndiyo moja ya sehemu za kwanza kuumia mtoto akikosa chakula. Mtoto mwenye kwashiorkor au aliyekonda kwa njaa, thaimasi yake husinyaa. Kwa nje tunaona nywele zilizobadilika rangi na miguu iliyovimba, kumbe kule ndani shule ya askari nayo inafungwa. Tangu tulipojua hili hatuwezi tena kuitazama mizani ya kliniki kama tulivyokuwa tukiitazama.

KILA MMOJA NA KAZI YAKE

Seli T hazifanani. Wako askari wauaji. Muuaji akiikuta seli iliyoingiliwa huibana, huitoboa na kuingiza ndani yake kemikali inayoiamuru ife, na kiwanda cha virusi hufungwa pamoja nayo. Kisha huiacha na kwenda kwa nyingine. Ni kazi ya kusikitisha kidogo, kwa kuwa anayeuawa ni seli yetu wenyewe, lakini bila hivyo moto hauzimiki.

Wako wasaidizi. Hawa hawapigi mtu, bali huita, huamsha na kuelekeza. Huwatia nguvu wauaji na kuzisaidia seli zinazotengeneza kingamwili. Hapa Kenya tunawajua kwa jina jingine, maana hawa ndio CD4, wale wale ambao mwenye virusi vya UKIMWI huhesabiwa kliniki. Virusi vya UKIMWI huwaangusha hao, na jeshi zima hukosa mwelekeo. Ndiyo maana mtoto mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza dawa akipata surua huugua vibaya sana.

Wako pia watulizaji. Kazi yao ni kuzuia jeshi lisije likaharibu nyumba linapotafuta mwizi. Shimon Sakaguchi wa Japani aliwaonyesha waziwazi mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel. Mtu angedhani kwamba ukiwaondoa watulizaji hawa, mwili utapigana kwa nguvu zaidi. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2008, walioambukizwa virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, ulionyesha kinyume. Panya wasio na watulizaji waliumwa zaidi na kufa mapema, kwa sababu askari walichelewa kufika mahali penyewe. Sisi tumehudhuria mabaraza ya kutosha kujua mkutano usio na mwenyekiti unavyokuwa.

Na mwisho wako wakumbukaji. Vita vikiisha askari wengi hufa, lakini wachache hubaki miaka na miaka wakiikumbuka sura ya adui. Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, kaskazini ya Ulaya, na katika watu 7,800 hivi, zaidi ya 6,000 waliugua. Daktari kijana Peter Panum aligundua kwamba wazee walioumwa katika mlipuko wa mwaka 1781 hawakuugua tena, ingawa ilikuwa imepita miaka 65. Chanjo nayo kazi yake ni hiyo hiyo. Huwapa wakumbukaji na kingamwili sura ya adui bila ya mtoto kupigwa na adui mwenyewe.

UPELE UNASEMA NINI?

Hapa tunaomba mliofika kwenye kikundi msimame kidogo mzungumze. Katika kwenu wazee walisema nini juu ya upele wa surua? Mahali pengi tulipopita tumeambiwa jambo moja: upele lazima utoke wote nje. Usipotoka, ugonjwa umebaki ndani na mtoto atakufa. Kwa hiyo mtoto hufunikwa blanketi, haogeshwi, na hapelekwi hospitali kwa hofu kwamba sindano itaurudisha upele ndani.

Tulikuwa tukiwacheka wazee. Tunaomba msamaha, maana nusu ya maneno yao ni ya kweli.

Angalieni siku zinavyokwenda. Virusi vikiingia kwa pumzi huchukuliwa mpaka kwenye tezi za kinga zilizo karibu na mapafu na koo, na huko huzaliana kimyakimya. Kwa siku kumi hivi mtoto haonyeshi kitu. Wakati huo huo seli T chache zinazoitambua surua zinaamshwa na kuanza kugawanyika, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, mpaka zinakuwa jeshi. Kisha homa inakuja, na kikohozi, mafua na macho mekundu. Yapata siku ya 14 tangu kuambukizwa, upele unatokea kuanzia usoni na nyuma ya masikio. Upele huo hasa ni alama ya seli T zilizofika kwenye mishipa midogo ya ngozi na kuanza kuzishambulia seli zilizoingiliwa na virusi. Ni moshi wa mapigano.

Ndiyo maana mtoto ambaye seli T zake ni dhaifu sana anaweza kuugua surua bila upele wowote. Madaktari waliliona hili katika miaka ya 1950 kwa watoto wenye saratani ya damu: hawakutoa upele, virusi vikaendelea kuzaliana mapafuni, nao wakafa kwa kichomi. Basi wazee waliona sawasawa kwamba mtoto asiyetoa upele yumo hatarini. Walipokosea ni kudhani kwamba blanketi au kukosa kuoga kutauvuta upele, au kwamba sindano huurudisha. Mtoto wa namna hiyo ndiye anayepaswa kukimbizwa hospitali kabla ya wengine wote. Na yule aliyetoa upele aogeshwe kwa maji ya vuguvugu, afunguliwe dirisha, anywe.

Jambo jingine lilitushangaza zaidi. Wapo watoto wachache wanaozaliwa wakiwa hawawezi kutengeneza kingamwili kabisa, lakini seli T zao ni nzima. Mtu angedhani surua itawamaliza. La hasha, kwa kawaida walitoa upele na kupona kama wenzao. Na katika utafiti wa tumbili uliochapishwa mwaka 2003, tumbili walioondolewa seli T wauaji walikaa na virusi vingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kingamwili hufaa sana kuuzuia mlango, lakini surua ikishaingia, wanaoimaliza ni seli T. Hakuna dawa ya duka inayoua virusi hivi. Dawa tunazopewa hospitali hutibu yale yanayofuatana na surua, kama kichomi na masikio.

JESHI LILILOSAHAU

Sasa turudi kwa mtoto wetu, kwa maana yote hayo hayajaeleza kwa nini alikufa baada ya kupona.

Mwaka 1908 daktari Clemens von Pirquet wa Vienna aliandika jambo la ajabu. Watoto waliokuwa wakivimba mkono walipopimwa kifua kikuu kwenye ngozi, waliacha kuvimba walipopata surua. Uvimbe ule wa kipimo ni kazi ya seli T zinazokumbuka kifua kikuu. Surua ilikuwa imezinyamazisha. Tangu hapo ilijulikana kwamba surua huilegeza kinga, lakini namna yake haikujulikana vizuri kwa karibu miaka mia moja.

Jibu ni la kutisha. Katika mwaka 2000 watafiti wa Japani waligundua mlango ambao virusi vya surua hupitia kuingia kwenye seli, na mlango huo uko kwenye chembe za kinga zenyewe. Walio nao kwa wingi ni wale wakumbukaji, seli T na pia wenzao wanaohusika na kutengeneza kingamwili. Kwa maneno mengine, surua haiji kuiba nyumba za raia kwanza. Inaanza na kambi ya askari, na ndani ya kambi inawatafuta wazee wenye kumbukumbu. Halafu seli T wauaji wanapokuja kufanya kazi yao nzuri, wanalazimika kuwaua wenzao walioingiliwa. Surua inashindwa, na kumbukumbu ya surua inabaki imara, lakini kumbukumbu za magonjwa mengine zimeteketea humo humo.

Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa na chanjo. Walipimwa damu kabla ya surua na baada yake. Baada ya ugonjwa walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Na hawa ni watoto wa nchi tajiri, wenye maziwa na nyama. Utafiti wa mwaka 2015, uliotazama vifo vya watoto huko Uingereza, Marekani na Denmark kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba hatari ya kufa kwa magonjwa mengine ya kuambukiza huendelea kwa miaka miwili hadi mitatu baada ya surua.

Miaka miwili hadi mitatu! Na sisi tulipiga mstari daftarini baada ya siku kumi.

Katika semina moja mama mmoja alituuliza, "Kama mtoto akiugua surua anapata kinga ya maisha, si afadhali augue tu kuliko sindano mbili?" Zamani tungemjibu kwa ukali. Sasa tunamjibu hivi: mama, ni kweli atapata kinga ya surua, lakini atailipia kwa kinga ya kichomi, ya kuhara na ya mengine aliyokuwa ameyazoea. Virusi vya chanjo vimedhoofishwa, havichomi kambi. Mtoto anapata kumbukumbu ya surua na zile nyingine zinabaki.

NYUMBANI NA KLINIKI

Hapa Kenya chanjo ya surua, ambayo siku hizi imeunganishwa na ya rubela, hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Dozi ya pili iliingizwa mwaka 2013 na wazazi wengi bado huisahau, kwa sababu mtoto wa miaka moja na nusu anakimbia na hakuna anayewaza kliniki. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI hupewa dozi ya mapema akiwa na miezi 6, kisha zile nyingine kama kawaida. Muulizeni muuguzi, msikae kimya kwa aibu. Surua ikitakiwa isisambae, watu 95 katika kila 100 lazima wawe na kinga, maana wapo wadogo na wagonjwa wasioweza kuchanjwa.

Vitamini A nayo inahusika moja kwa moja na seli hizi na ngozi laini za macho, mapafu na matumbo. Mtoto mwenye surua anatakiwa kupewa hospitalini dozi mbili, leo na kesho: yuniti 50,000 kwa aliye chini ya miezi 6, yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja na zaidi. Macho yakionyesha dalili ya upungufu, dozi ya tatu hutolewa baada ya wiki 4 hadi 6. Hizi si za kununua na kujipimia nyumbani, zikizidi zinadhuru. Chakulani tunayo ini, mayai, maembe, mapapai, karoti, sukuma wiki na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Ile desturi ya kumnyima mgonjwa wa surua mayai na nyama tunaomba iachwe kabisa. Ni kuwanyima askari chakula katikati ya vita.

Mgonjwa huambukiza tangu siku 4 kabla ya upele mpaka siku 4 baada yake, kwa hiyo asipelekwe shule wala mkutanoni. Na mkifika naye kliniki, semeni "tunashuku surua" mlangoni kabisa, kabla ya kukaa benchi moja na watoto wachanga.

Kuhusu daftari, tumelibadilisha. Vikundi vinavyotaka kuiga vichore hivi: jina la boma, tarehe ya upele, tarehe za vitamini A, halafu nafasi tano za kutembelea tena, baada ya wiki mbili, mwezi mmoja, miezi mitatu, miezi sita na mwaka. Neno "amepona" hatuliandiki tena. Kila tukifika tunauliza kama mtoto anapumua haraka au kifua kinabonyea, kama anahara, kama anatoa usaha masikioni, kama macho yamekuwa na ukungu, kama anakataa kunyonya au kula, na tunampima mkono kwa utepe. Likiwapo mojawapo la hayo, anakwenda kliniki siku hiyo hiyo, hata kama si siku ya soko. Ukurasa wa mwisho tumeandika nambari za simu za wenye pikipiki na magari walio karibu na kila kijiji.